Virusi vya wadudu: tegemeo jipya dhidi ya viwavi waliozoea mimea ya Bt

WAKULIMA wa kaunti za Migori na Homa Bay wanakabiliana na maadui wawili walio ndugu. Wa kwanza ni kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa kuingia nchini Kenya mwaka wa 2017 na ambaye hushambulia mahindi. Wa pili ni funza wa vitumba, ambaye ametoboa pamba ya Nyanza tangu enzi za ukoloni. Wote ni watoto wa nondo, na wote hujificha: mmoja katika moyo wa mmea wa mahindi, mwingine ndani ya kitumba, mahali ambapo dawa ya kunyunyizia haifiki kwa urahisi.

Ni kwa sababu hiyo pamba ya Bt ilipokelewa kwa matumaini. Baraza la Mawaziri liliidhinisha kilimo chake Desemba 2019, na mbegu zikaanza kuwafikia wakulima mwaka wa 2020, Homa Bay ikiwa miongoni mwa kaunti zilizohusishwa. Marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa jeni, iliyowekwa mwaka wa 2012, iliondolewa Oktoba 2022, hatua iliyozua kesi mahakamani. Mmea wa Bt umetiwa jeni ya bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, na hivyo hutengeneza wenyewe protini inayotoboa utumbo wa kiwavi anayeutafuna.

Hata hivyo, wadudu hujifunza. Nchini Afrika Kusini, mahindi ya Bt yalianza kupandwa mwaka wa 1998; haikupita miaka 10 kabla watafiti kuripoti, mwaka wa 2007, kwamba bungua wa mashina alikuwa akiendelea kuishi ndani ya mimea hiyo. Bungua huyo ndiye yule yule anayetoboa mabua ya mahindi nchini Kenya. Huko Puerto Rico, kiwavijeshi vamizi alilishinda aina moja la mahindi ya Bt mwaka wa 2006. Nchini India, funza mwekundu wa pamba alizoea protini moja ya Bt, kisha akazoea na ya pili iliyoongezwa ili kumzuia.

Mkulima mdogo wa Karachuonyo au Nyatike akifikwa na hali hiyo, atakuwa amenunua mbegu ya bei ya juu na bado atalazimika kununua dawa. Nyingi za dawa hizo, hasa za jamii ya pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki, na mvua ikinyesha maji ya mashamba hayo huishia Ziwa Viktoria.

Hapa ndipo virusi vya wadudu vinapoingia. Virusi hivi, viitwavyo bakulovirusi, si jambo lililobuniwa katika maabara. Vimekuwa vikiua viwavi porini tangu zamani. Kila chembe ya virusi huishi ndani ya ganda la protini. Kiwavi akila jani lenye maganda hayo, majimaji ya utumbo wake huyayeyusha, virusi vinatoka, vinavamia seli na kuzaana hadi kuujaza mwili mzima. Baada ya siku 4 hadi 7 hivi kiwavi hufa. Mara nyingi hupanda kwanza juu ya mmea, akafia huko akining'inia kichwa chini. Ngozi yake hupasuka, na uji unaomwagika hueneza maradhi kwa wenzake walio chini.

Kiwavi aliyeizoea Bt kwa kawaida amebadilika mahali pale ambapo protini ya Bt hujishikiza utumboni. Virusi havipitii mlango huo. Ndiyo maana kiwavi anayeishi kwa raha juu ya mmea wa Bt bado anaweza kuuawa navyo. Aidha, kila virusi huchagua aina moja au chache za wadudu, na haviwadhuru nyuki, samaki wala binadamu.

Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Virusi vya kiwavijeshi wa Afrika, mwenyeji wa eneo hili, vilijulikana kwa wanasayansi tangu miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilifanyiwa majaribio ya kunyunyiziwa kaskazini mwa Tanzania. Nchini Kenya, kampuni ya Kenya Biologics ilitengeneza dawa iitwayo Helitec kutokana na virusi vya funza wa vitumba. Wakulima wa soya nchini Brazil walienda mbali zaidi: walikusanya viwavi waliokufa shambani, wakawasaga, wakachuja na kunyunyiza tena.

Lakini virusi si muujiza. Mwangaza wa jua huviua upesi, kwa hivyo inafaa kunyunyiza jioni. Vinataka viwavi wadogo. Aliyekwisha kunona ataendelea kula kwa siku kadhaa, na mkulima aliyezoea kuona wadudu wakianguka papo hapo hudhani ametapeliwa. Kuvitengeneza kunahitaji kufuga viwavi wenyewe, na kiwavijeshi vamizi hula wenzake, hivyo kila mmoja lazima atengewe kikasha chake, jambo linalopandisha gharama. Navyo pia vinaweza kuzoeleka: mwaka wa 2005 iliripotiwa kwamba nondo wa matofaa nchini Ujerumani alikuwa amevishinda virusi vilivyotumiwa dhidi yake kwa miaka mingi.

Kwa hivyo wataalamu huvitumia pamoja na mbinu nyingine. Katika kituo cha ICIPE kilichoko Mbita, Homa Bay, ndiko ulikoendelezwa tangu miaka ya 1990 mfumo wa kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo, na majani ya matembotembo pembezoni ili kuwavuta. Kwa wanaopanda mbegu za Bt, sehemu ya shamba hupandwa mbegu ya kawaida, ili nondo wasio sugu waendelee kuwepo na kujamiiana na walio sugu. Virusi vinaweza kunyunyiziwa katika sehemu hiyo pia, au katika shamba la Bt pale mkulima anapoona matundu mapya kwenye vitumba wiki chache baada ya maua ya kwanza.