Usihifadhi Usichoweza Kulinda: Hatari za Kibiolojia katika Maabara za Kivu Kusini

Sange iko kando ya barabara ya taifa namba 5, katika uwanda wa Ruzizi, teritwari ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Mgonjwa wa kuhara akifikishwa kituo cha afya, kipimo cha haraka cha kipindupindu kinaweza kutoa jibu la awali kabla dripu ya kwanza haijaisha. Uthibitisho ni jambo jingine. Kuotesha kimelea, au kupima kwa PCR majimaji ya upele wa anayeshukiwa kuwa na mpoksi, kunahitaji maabara kubwa zaidi, na hapo sampuli huanza safari: kuteremka hadi Uvira, au kupanda miinuko ya Ngomo hadi Bukavu, pengine hata kuvuka Ziwa Kivu hadi Goma. Ni kwenye barabara hiyo namba 5 ambako, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka ndani ya Sange, likalipuka na kuua watu zaidi ya 230. Wengi wa waliokufa hawakuwa na mkataba wowote na mwenye shehena. Walikuwa wakazi, watoto, vijana waliokusanyika kwenye vibanda kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Yeyote anayepanga utafiti wa vimelea katika uwanda huu angefaa kulikumbuka jambo hilo moja: hatari ya shehena huwafikia wasioulizwa.

Hoja yangu ni kwamba tathmini ya hatari za kibiolojia katika mazingira kama yetu imekuwa ikianzia mahali pasipofaa. Tunauliza kwanza jengo ni la ngazi gani na kimelea ni cha kundi gani. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: baada ya jibu kutoka, tunabakiza nini ndani ya friza, kwa muda gani, na nani atakilinda siku ambayo umeme, mshahara na mlinzi vitakosekana kwa pamoja?

Kwa miongo kadhaa wanafunzi wa maabara walifundishwa ngazi nne: vimelea makundi manne, majengo ngazi nne, na mstari ulionyooka kati ya kundi na jengo. Ni rahisi kukumbuka, na ni rahisi kwa mfadhili kuweka kwenye bajeti. Shirika la Afya Duniani lenyewe limeuacha mstari huo. Toleo la nne la mwongozo wake wa usalama wa maabara, lililotoka mwishoni mwa 2020, linaitaka kila maabara ipime mambo mawili: uwezekano wa ajali kutokea katika kazi yake mahususi, na uzito wa madhara ikitokea. Kinga hufuata jibu la maswali hayo. Mwongozo unakiri kwamba kazi nyingi za maabara zinaweza kufanywa kwa masharti ya msingi yanayotekelezwa vizuri, na kwamba mtumishi aliyefundishwa hupunguza hatari kuliko mashine ya gharama isiyohudumiwa.

Kifua kikuu kinaonyesha vizuri tofauti hii. Tangu 2012 Shirika hilo limepanga maabara za ugonjwa huo kwa kazi inayofanyika ndani yake. Kupaka makohozi kwenye kioo na kuyatazama kwa hadubini, au kuyatia kwenye katriji ya mashine ya GeneXpert, ni kazi ya hatari ndogo ikiwa hewa inapita vizuri. Kuyachakata makohozi kwa ajili ya kuotesha kimelea ni hatari ya kati. Kushika makoloni yaliyokwisha kuota, kuyasaga na kuyatikisa ili kupima usugu wa dawa, ni hatari kubwa, maana kila kitendo hurusha hewani vitone visivyoonekana. Bakteria ni yule yule katika hatua zote tatu. Kinachobadilika ni kitendo cha mkono wa binadamu na wingi wa bakteria walio mbele yake.

Kipindupindu kinatufundisha jambo jingine, nalo linauhusu uwanda wa Ruzizi moja kwa moja. Kwa mtumishi mwenye glavu, sabuni na mazoea ya kutokula kazini, kimelea chake si cha kuogofya, kwa sababu huambukiza kwa kumezwa. Lakini maabara inayomwaga chini ya sinki sahani za vimelea vilivyooteshwa, bila kuviua kwanza, inaweza kuvielekeza kwenye maji ambayo watu wanachota, wanafulia na kuogea. Tathmini inayoishia mlangoni mwa maabara itaandika kwamba hatari ni ndogo. Tathmini inayofuata maji machafu mpaka mtoni itaandika kitu kingine kabisa.

Historia ya ajali kubwa inaunga mkono mtazamo huu. Mwaka 1967 watumishi wa maabara za Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na za Belgrade, waliugua homa isiyojulikana baada ya kushughulikia tumbili walioletwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 wakafa, wakiwamo waliokuwa wakifanya kazi ya kila siku ya kutoa figo za tumbili kwa ajili ya kutengeneza chanjo. Hakuna aliyedhani kwamba anafanya utafiti wa virusi hatari. Miaka tisa baadaye, Novemba 1976, mtafiti wa kituo cha Porton Down nchini Uingereza alijichoma kidole gumba kwa sindano alipokuwa akifanya kazi na virusi vya Ebola. Alivua glavu, akakitumbukiza kidole kwenye dawa ya klorini, akakikamua, hakuona damu. Siku ya sita aliugua. Alipona, lakini kituo kilichokuwa miongoni mwa vyenye ulinzi mkubwa duniani kilishindwa na ncha ya sindano moja. Mwaka huohuo Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa ametoa damu za wagonjwa kwa mikono mitupu kule Yambuku, kaskazini mwa Kongo, kulikokuwa na mlipuko wa Ebola, na sampuli za mlipuko huo zikasafirishwa hadi Antwerp ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, chupa moja ndogo ya damu ikiwa imevunjika njiani. Hatari ilikuwa imesambaa katika njia nzima, kuanzia mkononi mwa daktari hadi kwenye mzigo wa abiria wa ndege.

Hapa kwetu kuna hatari ambazo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani ya Ulaya havizitaji. Nitataja moja ambayo naona inapuuzwa mno. Otoklevu huua vimelea kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi. Zile ndogo za mfano wa sufuria ya presha, ambazo ndizo hupatikana katika hospitali nyingi za vijijini, huongozwa na mshale wa presha, na mwongozo wake husema: ukifika paundi 15, anza kuhesabu dakika. Maelezo hayo ni sahihi ufukweni mwa bahari. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na paundi 15 za mshale huo huleta joto la nyuzi 118 au 119 tu. Ili kufika 121, mshale unapaswa kusoma paundi 17 na nusu hivi. Sange iko chini zaidi, kwa hiyo upungufu ni mdogo, lakini upo. Mtumishi mwaminifu anayefuata kitabu neno kwa neno anaweza kutupa taka ambazo hazikufa, huku daftari lake likionyesha kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Dawa yake ni nafuu: kipimajoto ndani ya chombo, karatasi za majaribio zinazobadilika rangi, na mara moja moja vijidudu vya majaribio vinavyothibitisha kama mvuke umeua kweli. Nimeona miradi ikinunua kabati la usalama wa kibiolojia kwa maelfu ya dola bila kutenga hata senti ya karatasi hizo, wala ya fundi wa kulikagua kabati lenyewe kila mwaka. Kabati ambalo kichujio chake kimeziba linampa mtumishi ujasiri usio na msingi, na ujasiri huo ni hatari.

Sasa nirudi kwenye friza. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilieleza hadharani hofu yake kuhusu maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibayolojia na Tiba, INRB, mjini humo. Umeme ulikuwa ukikatika, na ndani mlikuwa na sampuli, zikiwamo za virusi vya Ebola. Haikuwa mara ya kwanza katika ukanda wetu. Aprili 2023 wapiganaji waliikalia maabara kuu ya afya ya umma mjini Khartoum, ambamo vimelea vya surua, polio na kipindupindu vilikuwa vimehifadhiwa. Wataalamu wakafukuzwa, umeme ukakosekana, na Shirika la Afya Duniani likaonya kuhusu hatari kubwa ya kibiolojia. Februari 2025 Bukavu nayo ilitwaliwa. Desemba mwaka huo vita viliteremka uwanda wa Ruzizi, vikapita Sange na kufika Uvira.

Baada ya matukio hayo, kuandika katika fomu ya tathmini kwamba uwezekano wa maabara kutelekezwa ni mdogo ni kujidanganya. Katika Kivu ni jambo la kutarajiwa ndani ya muda wa mradi wa kawaida wa miaka mitatu. Na ikiwa uwezekano hatuwezi kuupunguza, kwa kuwa mtafiti hana uwezo wa kusimamisha vita, kilichobaki mikononi mwetu ni uzito wa madhara. Uzito huo unategemea kilichomo ndani. Friza yenye dondoo za vinasaba zisizo na uhai ikiporwa, tumepoteza data. Friza yenye virusi hai ikiporwa, hatujui tumewaachia nini waliovunja mlango kwa ajili ya kuuza jokofu.

Najua pingamizi lililopo, na ni zito. Wenzetu watasema: mnataka Mkongomani aharibu sampuli zake ili nakala pekee ibaki ng'ambo? Mikusanyo ya damu ya wagonjwa wetu imesafirishwa Ulaya na Marekani tangu enzi za ukoloni, na watafiti wa hapa wameomba ruhusa ya kutazama vilivyotoka katika miili ya ndugu zao. Isitoshe, sampuli zilizochukuliwa Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika teritwari ya Mwenga, kuanzia Septemba 2023, ndizo zilizoonyesha aina mpya ya virusi vya mpoksi inayoitwa sasa Ib. Kazi hiyo iliwashirikisha Wakongomani tangu wodini mpaka kwenye usomaji wa vinasaba, na dunia ilipotangaziwa hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, ilikuwa tayari imeandikwa. Nani angetaka ushahidi wa namna hiyo uharibiwe?

Nakubali uzito wa swali, lakini naona linachanganya mambo mawili. Ugunduzi wa Kamituga ulitokana na vinasaba vilivyosomwa. Ili kusoma vinasaba, virusi havihitaji kubaki hai: vikitiwa katika kimiminika cha kuviua tangu hatua ya kwanza, asidi ya kiini hubaki nzima na inaweza kuhifadhiwa kwa miaka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utafiti wetu inaweza kufanyika, na mkusanyo wetu ukabaki nchini chini ya mamlaka yetu, bila kuweka kitu hai katika kila mji. Vimelea hai vinavyohitajika kweli, kwa mfano kwa kupima chanjo au dawa, viwekwe katika vituo vichache vya taifa vyenye ulinzi na umeme wa akiba. Mamlaka juu ya sampuli hudumishwa kwa mikataba, kwa sheria na kwa majina ya Wakongomani kwenye makala. Protokali ya Nagoya kuhusu rasilimali za vinasaba, iliyoanza kutumika 2014, ni mojawapo ya nyenzo za kisheria. Mamlaka hayaongezeki kwa kuwa na friza inayodondosha maji katika jengo lisilo na mlinzi.

Kuua vimelea mapema nako kuna hatari zake, na kusipotathminiwa tutakuwa tumebadilisha ajali moja kwa nyingine. Vimiminika vingi vya aina hiyo vina chumvi za gwanidini. Vikichanganywa na klorini, ambayo kila maabara yetu hutumia kusafishia meza, hutoa gesi ya sumu. Mtumishi aliyefundishwa kwamba kila kinachomwagika humwagiwa Jiki yenye klorini atafanya hivyo kwa nia njema kabisa. Tena, kimiminika kilichozidiwa na damu au usaha mwingi huenda kisiue vyote. Kila njia ijaribiwe kwa aina ya sampuli inayotumika hapa, katika joto la hapa, kabla ya kuaminiwa.

Yote haya hayatafanya kazi mahali ambapo anayejichoma sindano anaogopa kusema. Fundi wa maabara asiyelipwa kwa miezi, anayejua kwamba kuripoti ajali kutamletea lawama ya mkuu wake, atafunga kidole kwa plasta na kuendelea. Daftari la ajali lililo tupu kwa mwaka mzima linapaswa kumtia mkaguzi wasiwasi. Naona kwamba mshahara wa wakati, chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kila mtumishi, na ahadi ya maandishi kwamba anayeripoti hataadhibiwa ni hatua za usalama wa kibiolojia sawa na glavu, na zinastahili mstari wake katika bajeti ya kila mradi.

Mei 2024 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziimarishe usimamizi wa hatari za kibiolojia katika maabara. Maazimio ya Geneva hufika Sange polepole, lakini kamati za maadili za vyuo vikuu vya Bukavu hazina haja ya kuyasubiri. Zinaweza kuanza na ombi la utafiti litakalowasilishwa mezani wiki ijayo. Zimtake mtafiti aandike kila sampuli hai atakayobakiza, sababu ya kuibakiza, tarehe ya kuiharibu, na jina la mtu mwenye mamlaka na uwezo wa kuiharibu ndani ya saa chache ikibidi kuondoka. Ombi lisilojibu hayo lirudishwe.