Kuunganisha hifadhidata ya MySQL na ubao wa Trello bila kuwa programa

Leo tuingie jikoni kidogo. Kuna vijana kibao wanajua kutengeneza hifadhidata, na wengine wanajua kutumia Trello kupangia kazi, lakini ukiwaambia wafanye hivyo viwili viongee wanakimbilia kutafuta programa wa kumlipa. Siku hizi si lazima. Zipo programu za kuunganisha ambapo unachora mtiririko kwa vibox na mishale, na kodi unaandika mstari mmoja miwili tu. (Kodi ya kompyuta jamani, si ile ya mwenye nyumba.)

Zinazojulikana sana ni Zapier, iliyoanza Marekani mwaka 2011. Make, ambayo hadi 2022 iliitwa Integromat. Power Automate ya Microsoft. Na n8n, iliyotoka Berlin mwaka 2019. Hapa nitatumia n8n kwa sababu unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe na kuitumia kwa kazi za ndani za biashara bila kulipia leseni. Ila msome masharti: leseni yake hairuhusu uigeuze kuwa huduma yako ya kulipisha watu.

Chukua mfano wa duka la mafundi simu. Mapokezi anaandika simu zinazoingia kwenye jedwali la MySQL liitwalo simu: namba ya risiti, jina la mteja, namba yake, aina ya simu, tatizo, na mara nyingi nywila ya kufungulia kioo ili fundi aweze kujaribu. Huko nyuma mafundi wana ubao wa Trello wenye orodha tatu: Imepokelewa, Inatengenezwa, Tayari. Mapokezi akisahau kuandika kadi, simu inakaa kwenye droo wiki mbili na mteja anakuja kuwaka. Tunataka mstari mpya ukiingia kwenye jedwali, kadi ijitokeze yenyewe.

Kabla ya kuchora chochote, ongeza safu moja kwenye jedwali, iite kadi_id, na uiache tupu. Hii ndiyo roho ya kazi yote. Watu wengi huweka safu ya ndiyo/hapana, "imetumwa". Si mbaya, ila ukihifadhi kitambulisho chenyewe cha kadi utajua baadaye kadi ipi ni ya simu ipi, na utakihitaji wakati wa kurudisha taarifa.

Sasa mtumiaji wa hifadhidata. Usiipe n8n akaunti ya root, tafadhali. Tengeneza mtumiaji wake, na mpe ruhusa ya safu anazozihitaji tu. MySQL inakubali kabisa:

GRANT SELECT (id, aina, tatizo, kadi_id), UPDATE (kadi_id, hali) ON duka.simu TO 'daraja'@'10.0.0.5';

Angalia nilichokiacha nje: jina la mteja, namba yake, na nywila ya simu. Fundi anahitaji namba ya risiti na tatizo; akitaka nywila aulize mapokezi. Hili si suala la kuogopa kivuli. Mwaka 2018 watafiti wa usalama walionyesha mbao za Trello zilizoachwa wazi kwa umma zikiwa na nywila ndani, na Google ilikuwa inazionyesha kwa yeyote aliyetafuta. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ilipitisha ya kwake 2022. Kadi ya Trello yenye jina, namba na nywila ya simu ya mtu ni taarifa binafsi iliyotoka dukani kwako, na wewe uliyechora mshale ndiye uliyeitoa.

Ile 10.0.0.5 ni anwani ya seva ya n8n, weka ya kwako. Maana yake mtumiaji huyu hawezi kuingia kutoka kwingine. Usifungue mlango wa 3306 kwa dunia nzima eti ili "iunganike haraka". Mapema mwaka 2017 wahalifu walipita kwenye maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi, wakafuta data na kuacha ujumbe wa kudai fidia. Februari mwaka huohuo wakahamia MySQL. Hawakuwa wakimlenga mtu, walikuwa wanapita tu nyumba kwa nyumba wakijaribu vitasa.

Haya, n8n yenyewe. Iweke kwenye kompyuta au seva inayowaka saa zote, kwa Docker au Node.js, kisha ifungue kwenye kivinjari, mlango 5678. Kompyuta ya kafe haifai kuwa seva, lakini unaweza kuingia kutoka kafe kurekebisha mambo, mradi njia iwe ya https na utoke kabisa ukimaliza. Usibofye ule mseto wa kukumbuka nywila.

Mtiririko wa kwanza una nodi nne. Ya kwanza ni Schedule Trigger, iwe inaamka kila baada ya dakika tano. Ya pili ni MySQL, ikiuliza:

SELECT id, aina, tatizo FROM simu WHERE kadi_id IS NULL ORDER BY id LIMIT 20

Ya tatu ni Trello, ya kutengeneza kadi kwenye orodha ya Imepokelewa. Ya nne ni MySQL tena, ya kuandika kadi_id. Huna haja ya kutengeneza mzunguko: nodi ya Trello itajirudia yenyewe kwa kila mstari uliotoka juu.

Kwenye nodi ya nne ndipo wengi wanapopotea. Simu ina id, na kadi ya Trello nayo ina id. Ukifika nodi ya nne, id iliyo mbele yako ni ya kadi, ile ndefu yenye herufi na tarakimu 24. Ya simu lazima uifuate nyuma kwenye nodi ya pili, kwa kuandika $('MySQL').item.json.id. Halafu swali liwe UPDATE simu SET kadi_id = $1 WHERE id = $2, na hizo $1 na $2 uzijaze kwenye sehemu yake ya vigezo. Usibandike maneno moja kwa moja ndani ya SQL, ndiyo njia ya kuingiziwa amri za ajabu.

Kabla ya kuwasha: kama jedwali lina simu elfu tatu za zamani, zote zina kadi_id tupu. Ukiwasha hivyo, ubao utaanza kufurika kadi ishirini ishirini kila dakika tano mpaka mafundi wakutafute. Zijaze kwanza neno "zamani", kisha washa. Na ile LIMIT usiitoe. Trello inakubali maombi 100 kwa kila sekunde 10 kwa tokeni moja, ukizidisha inakujibu 429 na kukugomea.

Je, umeme ukikatika kadi imeshatengenezwa lakini kadi_id haijaandikwa? Utapata kadi mbili za simu moja. Kwa duka dogo, anza jina la kadi na namba ya risiti, fundi ataiona na kuifuta. Kama kazi ni nyeti zaidi, ongeza nodi ya kutafuta kadi yenye namba hiyo kabla ya kutengeneza mpya.

Suala la saa nalo. n8n ukiiweka mwenyewe huja na saa za New York. Kwa hapa haituumizi kwa sababu inaamka kila dakika tano, lakini ukiongeza ripoti ya 08:00 ukitegemea saa 2 asubuhi, itakuja saa 9 au saa 10 alasiri kutegemea msimu wa kule. Weka GENERIC_TIMEZONE iwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi.

Kurudisha taarifa ni mtiririko wa pili. Fundi akivuta kadi kwenda Tayari, safu ya hali kwenye jedwali ibadilike ili mapokezi ampigie mteja. Hapa hatuchungulii kila dakika tano. Nodi ya Trello Trigger inajisajili Trello, na Trello ndiyo inayobisha hodi kukitokea jambo. Njia hii huitwa webuhuku. Sharti lake ni seva yako ipatikane kwenye intaneti kwa anwani ya kweli, maana Trello haiwezi kubisha hodi kwenye localhost. Na inabisha kwa kila kitu: maoni, picha, rangi ya lebo. Kwa hiyo weka nodi ya If ipitishe yale tu yenye action.type ya updateCard na yenye listAfter ndani yake. Linganisha kwa kitambulisho cha orodha, si jina, kwa sababu siku fundi mmoja atabadilisha "Tayari" kuwa "TAYARI KABISA" na mtiririko utanyamaza.

Mwisho, nakili mahali salama ufunguo wa N8N_ENCRYPTION_KEY. Ndio unaofunga nywila zote za MySQL na Trello ulizoweka humo. Seva ikifa na ufunguo ukipotea, hata ukiwa na nakala ya mitiririko yako utaanza kuziingiza upya moja moja. Mwenye swali, au aliyekwama kwenye nodi ya nne, atupie hapo chini.