Safari ya Mabinti wa Preston Kwenda Ufaransa, Mwaka 1920

Watu wengi waijua Vita Kuu ya mwaka 1914 hata 1918 kwa mizinga yake na makaburi yake, wala hawajui kwamba vita hiyo ndiyo iliyowaingiza wanawake wa Uingereza katika viwanja vikubwa vya mpira wa miguu. Nao hawakuishia kwao, bali walivuka bahari wakapokewa katika miji ya watu kwa heshima. Habari yao yafaa kusimuliwa.

Preston ni mji wa viwanda, upande wa kaskazini wa Uingereza. Hapo palikuwa na kiwanda kiitwacho Dick, Kerr, ambacho kazi yake ilikuwa kuunda magari ya reli. Vita ilipoanza wanaume wengi walikwenda kupigana, na kiwanda kikageuzwa kuwa cha kutengeneza zana za vita. Wasichana wakashika kazi za wanaume. Saa ya mapumziko walikuwa wakicheza mpira uani pamoja na vijana waliosalia. Mtu mmoja wa ofisini, Alfred Frankland, alipowaona akatambua ya kuwa uchezaji ule si wa kuchekwa, akawaunganisha wawe timu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1917 walicheza katika kiwanja cha Deepdale mbele ya watu 10,000, na fedha ya viingilio wakapewa askari majeruhi wa hospitali. Tangu siku ile desturi yao ikawa hiyo: kufanya kazi kiwandani, kucheza Jumamosi, na kuwatolea wenye shida fedha iliyopatikana.

Vita ikaisha, lakini timu haikuisha. Mwaka 1920 mama mmoja Mfaransa, Alice Milliat, kiongozi wa michezo ya wanawake katika nchi yake, alileta wachezaji wake Uingereza wakacheza mara nne na mabinti wa Preston. Mgeni akikutembelea, nawe huna budi kumtembelea. Basi tarehe 28 Oktoba mwaka ule ule Frankland akawachukua mabinti zake kwenda Ufaransa. Nahodha wao alikuwa Alice Kell. Tusidhani kwamba walikuwa mabibi wa nyumba kubwa waliozoea kutembea ng'ambo. Walikuwa binti za watu wa kazi, mikono yao imezoea mashine.

Mchezo wa kwanza ulikuwa Paris, tarehe 31 Oktoba, katika kiwanja cha Pershing kilichojengwa na askari wa Marekani mwaka 1919. Walikuja watu 22,000. Kila upande ulikuwa na bao moja, na dakika tano zilikuwa zimebaki, mwamuzi Mfaransa alipowapa Waingereza kona. Watazamaji hawakukubali, wakaingia kiwanjani kwa wingi, na mchezo ukaishia hapo. Watu wa namna hiyo hata kwetu wapo, tena hatuhitaji kwenda Paris kuwatafuta.

Kutoka Paris walikwenda Roubaix, mji wa kaskazini uliotawaliwa na Wajeremani tangu Oktoba 1914 hata Oktoba 1918. Wenyeji wake walikuwa wamejua njaa na kazi ya kulazimishwa, na miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu wafunguliwe. Watu 16,000 walikuja kutazama, na Florrie Redford akatia mabao 2, Waingereza wakashinda bila kufungwa. Huko Le Havre, bandarini, walishinda kwa mabao 6.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko mabao ni hili: kila walikocheza, mabinti hao waliweka shada la maua kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Hapo ndipo ionekanapo maana ya safari yenyewe. Katika miji ya Kiingereza kama Preston, wengi walikuwa na ndugu au mchumba aliyelala katika udongo wa Ufaransa. Sisi wa Afrika ya Mashariki nasi tunao wafu wa vita ile ile, na jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam latokana na lile jeshi la wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi wala kaburi lao halijulikani.

Mji wa mwisho ulikuwa Rouen, nao ni wa kale sana. Upo kando ya mto Seine, una kanisa kuu lenye minara mirefu, na ndani ya kanisa hilo ulizikwa moyo wa Richard, mfalme wa Uingereza aliyeitwa Moyo wa Simba. Wakati wa Vita Kuu Waingereza walikuwa na hospitali nyingi hapo, na katika makaburi ya Saint-Sever wamelala zaidi ya askari 11,000. Tena ni katika mji huo, uwanjani pa soko la zamani, kwamba tarehe 30 Mei mwaka 1431 alichomwa moto Jeanne d'Arc, msichana wa kijijini aliyewaongoza askari wa Ufaransa. Umri wake ulikuwa miaka kama 19. Waingereza ndio waliokuwa wakiutawala mji siku zile, na hakimu wake alikuwa Askofu Cauchon, aliyekuwa upande wao. Katika mashtaka yake mojawapo lilikuwa kwamba alivaa mavazi ya kiume. Mwaka 1456 hukumu ile ilitanguliwa, na tarehe 16 Mei mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 akamtangaza kuwa mtakatifu.

Basi haikupata hata miezi sita tangu siku ile, wasichana wa Kiingereza waliovaa kaptula wakaingia Rouen, mji ambamo baba zao wa kale walimchoma msichana wa Kifaransa, na watu 14,000 wakaja kuwatazama. Walishinda kwa mabao 2. Kwangu mimi, katika safari yote hakuna siku ipitayo hiyo.

Walirudi Preston tarehe 9 Novemba. Siku ya pili yake baada ya kesho, tarehe 11, askari asiyejulikana jina alizikwa London, na mwingine kama yeye akapokewa kwa heshima mjini Paris. Alice Kell alisema ya kwamba michezo ile ilikuwa imeyaunganisha mataifa hayo mawili kuliko jambo lo lote la miaka 50 iliyopita. Huenda alizidisha kidogo, lakini ni nani angemkatalia?

Tarehe 26 Desemba watu 53,000 walijaa kiwanja cha Goodison Park, Liverpool, kuwatazama, na zaidi ya pauni 3,000 zikapatikana. Kumbe wako waliokuwa wakitazama kwa jicho jingine. Tarehe 5 Desemba mwaka 1921 Chama cha Mpira cha Uingereza kilitoa amri kwamba mpira hauwafai wanawake, na kwamba fedha nyingi mno ya viingilio ililiwa na gharama badala ya kwenda kwa wenye shida. Kwa hiyo klabu zake zote zisiwape viwanja. Sababu ya pili ingeweza kupimwa kwa kukagua hesabu, na kama kosa liko, likarekebishwa. Kufunga viwanja hakukagui hesabu ya mtu. Tena ikiwa mpira hauwafai, kwa nini uliwafaa miaka minne, majeruhi walipokuwa wakiingojea fedha yao?

Amri ile ilikaa miaka 50, hata ilipoondolewa mwaka 1971. Lily Parr, aliyezaliwa mwaka 1905 akaingia katika timu hiyo mwaka wa safari ya Ufaransa, aliendelea kucheza hata mwaka 1951, katika viwanja vyo vyote alivyopewa. Kazi yake nyingine ilikuwa kuwauguza wagonjwa.