Operesheni Condor: Jeshi lilipopanda milima, wakubwa wakahamia mjini

Januari 1977, askari wa Mexico wapatao 10,000 walianza kupanda milima ya Sierra Madre, pale yanapokutana majimbo ya Sinaloa, Durango na Chihuahua. Kazi yao, kuteketeza mashamba ya afyuni na bangi, iliitwa Operesheni Condor (tusiichanganye na ile ya madikteta wa Amerika Kusini, iliyobeba jina hilohilo miaka ileile). Kamanda wao alikuwa Jenerali José Hernández Toledo, aliyeongoza askari wa miavuli katika uwanja wa Tlatelolco, jijini Mexico, siku wanafunzi walipouawa mwaka 1968.

Msukumo ulitoka Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uturuki ilipiga marufuku kilimo cha afyuni, na mtandao uliopitishia heroini Marseille, Ufaransa, ukavunjwa. Wanunuzi wakageukia Sinaloa, ambako zao hilo lilijulikana tangu enzi za wahamiaji wa Kichina. Mkulima wa Badiraguato, huko Sinaloa, alikuwa na hesabu yake: gunia la mahindi lilimtoa jasho mpaka sokoni na bei haikulipa, ilhali utomvu wa afyuni ulibebeka kwapani na mnunuzi aliufuata mwenyewe.

Ndege na helikopta, nyingi zikitoka Marekani, zilimwaga dawa za kuua mimea: paraquat juu ya bangi na 2,4-D juu ya afyuni. Mwaka 1978 Wamarekani walipiga kelele, lakini si kwa ajili ya wanakijiji waliokuwa wakiishi chini ya ndege hizo. Hofu yao ilikuwa bangi yenye paraquat iliyokuwa ikivutwa na vijana wao.

Huku chini, askari walipekua nyumba na kukusanya wanaume. Mawakili wa Culiacán, mji mkuu wa Sinaloa, waliandika ushahidi wa mamia ya mahabusu waliosema walipigwa na kuteswa, wengine kwa umeme. Familia nyingi zilifunga virago zikaenda kuanza upya pembezoni mwa miji.

Wafanyabiashara wakubwa wa dawa za kulevya nao walihama, ila wao walihamia kwenye neema. Miguel Ángel Félix Gallardo, polisi wa zamani wa Sinaloa, alikwenda Guadalajara, na wakubwa wenzake Rafael Caro Quintero na Ernesto Fonseca wakapiga kambi hukohuko. Wakiwa na fedha na marafiki ndani ya idara ya usalama, DFS, waliunganisha biashara iliyokuwa imetawanyika milimani, kisha wakaanza kuvusha kokeini ya Wakolombia. Mimi naona hapo ndipo karteli za leo zilipozaliwa, na jeshi ndilo lililokuwa mkunga. Mwaka 1985 ofisa wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, Enrique Camarena, alitekwa Guadalajara na kuuawa. Kashfa hiyo ilichangia DFS kuvunjwa mwaka huohuo.

Funzo la Condor halikumzuia Rais Felipe Calderón. Desemba 2006, siku chache tu baada ya kuapishwa, alipeleka maelfu ya askari Michoacán, jimbo alikozaliwa, kupambana na magenge ya dawa za kulevya. Kila kiongozi wa genge aliyekamatwa aliacha warithi wakigombea kiti chake. Mauaji nchini yakapanda kutoka takriban 8,800 mwaka 2007 hadi kama 27,000 mwaka 2011. Kufikia 2022, orodha ya Serikali ya watu waliotoweka ilipita majina 100,000.

Culiacán, Oktoba 2019, askari walimkamata Ovidio Guzmán, mmoja wa viongozi wa karteli ya Sinaloa, wakalazimika kumwachia baada ya genge lake kuuteka mji. Walipomkamata tena Januari 2023, askari 10 waliuawa na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwaka 2024 makundi mawili ya karteli hiyo yalianza kupigana yenyewe kwa yenyewe. Maelfu ya askari wakapelekwa tena, na wazazi wakawa wanawazuia watoto kwenda shule.