Kipande, Mabano na Mashine: Kompyuta katika Historia ya Uhakiki wa Matini za Kale za Kigiriki na Kilatini

Sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kigiriki na Kilatini imepotea. Mashairi ya Sappho, aliyeishi katika kisiwa cha Lesbos kuelekea mwaka 600 K.K., yalikusanywa na wataalamu wa Aleksandria katika vitabu kadhaa. Leo ni moja tu linalokubaliwa kwa jumla kuwa limesalia zima. Annales, utenzi wa Ennius kuhusu historia ya Roma, ulikuwa na vitabu 18. Iliyobakia ni mishororo 600 hivi, mingi ikiwa imenukuliwa na Cicero na wanasarufi wa baadaye. Mabaki ya namna hii ndiyo yaitwayo vipande. Makala haya yanafuatilia jinsi kompyuta ilivyoingia katika uchunguzi wa vipande hivyo, na yanadai kuwa kila chombo kipya hakina budi kupimwa kwa swali moja: je, kinamwonyesha msomaji mpaka kati ya kilichosalia na kilichojazwa, au kinaufuta?

Yafaa kwanza kutofautisha vipande vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kifaa kilichoharibika: karatasi ya mafunjo iliyochanika au jiwe lililovunjika. Grenfell na Hunt walipoanza kuchimba majaa ya Oxyrhynchus huko Misri mnamo 1896, walifukua karatasi za namna hiyo kwa wingi. Aina ya pili ni dondoo. Dionysius wa Halicarnassus alilinukuu shairi zima la Sappho ili kutoa mfano wa mtindo uliolainika. Mwandishi ajulikanaye kama Longinus alinukuu jingine ili kuonyesha namna mshairi anavyozikusanya hisia, kisha akalikatiza. Naye Athenaeus, karibu na mwaka 200 B.K., alijaza vitabu 15 kwa mazungumzo ya karamuni na humo akahifadhi maneno ya waandishi wengi ambao kazi zao zimetoweka. Dondoo kama hizo hazikuvunjika. Zilichaguliwa, na kila aliyechagua alikuwa na haja yake.

Wahariri wa karne ya 19 na ya 20 walizitenga dondoo hizo na vitabu vilivyozihifadhi. Karl Müller alianza kuchapisha mkusanyo wake wa wanahistoria wa Kigiriki mnamo 1841. Felix Jacoby alianza wake mnamo 1923, akatenga habari za mwandishi na maneno yanayodhaniwa kuwa yake, akaendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1959 kabla ya kuikamilisha. Faida ya mikusanyo hii haikanushiki. Hata hivyo, dondoo ikishapewa nambari na kuwekwa chini ya jina la mwandishi aliyepotea, msomaji husahau kwa urahisi kuwa anasoma kitabu cha mtu mwingine, na kwamba mpaka wa dondoo umewekwa na mhariri. Pale ambapo mnukuzi wa kale alifasiri badala ya kunukuu neno kwa neno, usahaulifu huo huzaa uhakiki wa mtindo usiokuwapo.

Kompyuta iliupokea urithi huu pamoja na kasoro zake. Mwaka 1949 Padre Roberto Busa alianza ushirikiano na kampuni ya IBM ili kutayarisha faharasa ya maneno yote ya Thomas Aquinas. Mwaka 1972 mradi wa Thesaurus Linguae Graecae ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa nia ya kuiingiza fasihi ya Kigiriki katika kompyuta. Matini zake zilitolewa katika diski mwaka 1985, na za Kilatini zikatolewa na taasisi ya Packard mwanzoni mwa miaka ya 1990. Neno lililohitaji miezi ya upekuzi sasa lilipatikana kwa dakika chache. Lakini mradi wa Irvine kwa kawaida ulichukua toleo moja la kila matini na kuziacha tanbihi zinazoorodhesha tofauti za miswada. Msomaji akapewa maneno bila mabishano yaliyoyazaa. Isitoshe, mshororo wa mshairi uliomo katika Athenaeus uliweza kuonekana mara mbili, mara moja kwa Athenaeus na mara nyingine katika mkusanyo wa vipande, hivyo kwamba anayehesabu maneno bila uangalifu huhesabu ushahidi mmoja kama miwili.

Marekebisho yalikuja kwa njia ya kutia alama za maelezo ndani ya matini yenyewe. Tangu mwaka 1931 wataalamu walikuwa wamekubaliana huko Leiden juu ya matumizi ya mabano: mabano ya mraba huzingira herufi zilizopotea na kujazwa na mhariri. Utaratibu wa EpiDoc, ulioanza karibu na mwaka 2000, uliyageuza makubaliano hayo kuwa lugha ambayo kompyuta inaielewa. Huko Leipzig, Monica Berti na wenzake waliushughulikia upya mkusanyo wa Müller na kitabu cha Athenaeus, wakilenga kuiunganisha dondoo na muktadha wake. Hapa kompyuta haikuongeza kasi tu. Ilirudisha kile ambacho kitabu kilichochapwa kilikuwa kimekata.

Suala hili limepata uzito mpya kwa kuja kwa mashine zinazojifunza. Mwaka 2022 ilitangazwa programu ya Ithaca, iliyofundishwa kwa maandishi ya Kigiriki ya mawe. Katika majaribio ya kujaza herufi zilizofichwa, programu peke yake ilipata asilimia 62, wanahistoria peke yao asilimia 25, na wanahistoria wakiitumia asilimia 72. Mafanikio haya ni makubwa. Lakini maandishi ya mawe, hasa maazimio ya miji, hurudiarudia kauli zilezile, na mashine hukisia kwa kufuata mazoea hayo. Mshairi husomwa kwa sababu aghalabu huyakiuka mazoea. Kadiri neno la Sappho lilivyo la kipekee, ndivyo ukisiaji wa aina hii unavyoelekea kulikosa na kuweka mahali pake neno la kawaida.

Magombo ya Herculaneum, yaliyounguzwa na Vesuvius mwaka 79 B.K., yanatoa mfano tofauti. Mnamo 2023 na 2024, kwa kutumia picha za eksirei, vijana walioshindania tuzo waliweza kusoma safu kadhaa za gombo ambalo halijafunguliwa. Mashine yao haikufundishwa Kigiriki. Ilitafuta dalili za wino, na kazi ya kuzisoma herufi ikabaki kwa wataalamu wa mafunjo. Ithaca hupendekeza kilichoweza kuandikwa. Mashine ya Herculaneum hutafuta alama za kilichoandikwa. Zote mbili zina manufaa, ila ushahidi wao si wa daraja moja.

Tofauti hiyo ilidhihirika hata bila mashine. Mwaka 2004 ilichapishwa karatasi ya mafunjo iliyoko Cologne yenye shairi la Sappho kuhusu uzee. Baadhi ya mishororo yake ilikuwa imejulikana tangu 1922 kutokana na karatasi ya Oxyrhynchus iliyopasuka. Vipande viwili vilipokutana, makisio ya awali yaliweza kupimwa kwa sababu mabano yalikuwa yametunzwa. Anayehariri kwa kompyuta leo anadaiwa uaminifu uo huo: kila herufi iliyopendekezwa na mashine ibaki ndani ya mabano yake, pamoja na jina la chombo kilichoipendekeza, ili wasomaji watakaopata karatasi nyingine waweze kuikubali au kuikataa.