Komplayansi ya Kliniki ya Akili Tuiite Nini?

Ukaguzi unapokaribia kwenye hospitali binafsi, kuna neno lisilokosekana midomoni: komplayansi. Mwenye kituo anauliza kama tuko sawa kwenye komplayansi, mhasibu anafungua mafaili, muuguzi mkuu anatafuta vyeti vilikowekwa. Maana yake ni kwamba kituo kinafanya kazi kwa masharti yote yanayokihusu, na kina maandishi ya kulithibitisha hilo. Maandishi ndiyo husahaulika. Kliniki inaweza kutibu vizuri mwaka mzima na bado ikaanguka ukaguzi kwa kukosa karatasi.

Kwa Kiswahili, maneno matatu hugombea nafasi hiyo. La kwanza ni utii. Jeshi la Polisi Tanzania limetuzoesha kaulimbiu ya utii wa sheria bila shuruti, na barabarani inafaa. Lakini utii unataka mkubwa anayeamuru na mdogo anayeitikia, na kliniki haina mkubwa mmoja. Ina mabaraza, bodi, mifuko na mamlaka, kila moja na fomu yake, na nyingine hazijui wenzao wameagiza nini.

La pili ni ufuasi. Hili ni zuri, ila limeshachukuliwa. Kwenye kliniki za VVU, ufuasi ni mgonjwa kumeza dawa zake kwa wakati bila kuruka. Kwenye kliniki ya akili neno hilo linahitajika zaidi, kwa sababu mtu mwenye skizofrenia mara nyingi huacha dawa siku anayojisikia amepona. Muuguzi akiandika “ufuasi hafifu” kwenye faili, anayesoma asiachwe akijiuliza kama anasemwa mgonjwa au mwenye kliniki.

Linabaki uzingatiaji, nami nasimama nalo. Kuzingatia ni kuwa na jambo akilini wakati unafanya jingine, na hiyo ndiyo kazi yenyewe: unamsikiliza mgonjwa huku ukijua kwamba leseni yako, chumba ulichokaa, dai utakalopeleka bima na maelezo utakayoandika vitasomwa pamoja siku moja.

Kabla ya kwenda mbele, kuna istilahi nyingine ya kuondoa njiani. Wamarekani wana jina moja linalokusanya magonjwa ya akili na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na anayelitafsiri neno kwa neno hupata “afya ya tabia”. Tusilipokee. Tabia kwetu ni malezi. Mzazi akiambiwa kijana wake ana tatizo la afya ya tabia ataita wajomba wamkanye, hatamleta kliniki. “Afya ya akili na uraibu” ni refu, lakini halimhukumu mtu.

Tena urefu huo unasema ukweli wa ofisi zetu. Magonjwa ya akili yana Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Uraibu unaingia pia kwenye himaya ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyotokana na sheria ya mwaka 2015, na nyumba wanakokaa waraibu wanaoacha zimepewa jina lake la Kiswahili: nyumba za upataji nafuu. Cha ajabu ni kwamba kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 10, vyote viwili vinakaa chini ya herufi moja, F. Matatizo yatokanayo na pombe ni F10, skizofrenia F20, sonona F32. Fomu ya bima inaunganisha kile ambacho milango ya ofisi imekigawa.

Nzuguni ni mahali pazuri pa kulijaribu neno uzingatiaji. Kata hii ya mashariki ya jiji la Dodoma, kando ya barabara ya Morogoro, wengi waliijua kwa viwanja vya Nanenane. Sasa ina stendi kuu ya mabasi, Soko la Job Ndugai, na iko njiani kwa watumishi wanaokwenda kazini Mji wa Serikali, Mtumba. Mtumishi asiyepata usingizi kwa miezi hataki kuonekana Mirembe. Hospitali hiyo ya magonjwa ya akili imekuwapo tangu miaka ya 1920 na inahudumia taifa zima, lakini jina lake limegeuzwa utani wa mitaani, na utani huo unafukuza wagonjwa kuliko ada. Tuseme basi daktari bingwa wa magonjwa ya akili na mwanasaikolojia tiba wanapanga nyumba Nzuguni, wanapaka rangi, wanataka kuandika kibao.

Wasiandike kwanza. Watu huchanganya usajili na leseni, na kosa hilo lina gharama. Usajili unasema wewe ni nani: umesoma, umefaulu, jina lako limo kwenye daftari la baraza. Leseni inasema unaruhusiwa kufanya kazi sasa, na huhuishwa kwa kulipa ada na kuonyesha alama za mafunzo endelevu. Daktari anakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 iliyowajumuisha pia wataalamu wa afya shirikishi. Muuguzi wao ataangaliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na chumba cha dawa na Baraza la Famasi. Halafu nyumba yenyewe husajiliwa peke yake, kwa Sheria ya Hospitali Binafsi ya mwaka 1977. Sheria hiyo ilitungwa kuzuia tiba ya biashara, ikalegezwa mwaka 1991 ili kuruhusu kituo cha mtu binafsi. Leseni ya daktari haihalalishi nyumba, wala usajili wa nyumba haumhalalishi aliyekaa ndani yake. Zimamoto, usalama mahali pa kazi na kodi nitavipita, kwa kuwa havitofautiani na vya duka kubwa.

Baada ya karatasi za mtu na za nyumba, ya tatu ni ruhusa ya kuhudumia wanachama wa bima. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, huingia mkataba na kituo, na hapo ndipo linakuja neno la hospitalini, klemu. Kiswahili cha ofisi ni madai. Dai linabebwa na Fomu 2A/B: mwanachama ni nani, anaumwa nini kwa msimbo, amepewa nini, nani aliyemhudumia, saini ziko wapi. Wahakiki huangalia kama vipande hivyo vinaafikiana. Dawa ya ngazi ya bingwa iliyoandikwa kwenye kituo cha ngazi ya zahanati itakatwa, hata kama mgonjwa amepona kwayo. Makato ndiyo yanayoua vituo vidogo. Bei nayo ina siasa yake: Machi 1, 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko kwa kutoridhika na kitita kipya cha mafao.

Ugumu wa kliniki ya akili uko hapa. Kipimo cha malaria kinaacha jibu la maabara. Upasuaji unaacha kovu. Mazungumzo ya tiba hayaachi kitu isipokuwa maelezo ya mtaalamu. Mwanasaikolojia akiandika “nimeongea na mgonjwa”, mhakiki ana haki ya kuuliza ameongea nini na kwa muda gani. Akiandika kila kitu, ugomvi wa ndoa, jina la bosi, siku mtu alipofikiria kujiua, siri ya mgonjwa imeingia kwenye rundo la madai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na mwenye kliniki anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama mkusanyaji na mchakataji wa taarifa. Utii ungekuvuta pande mbili. Uzingatiaji unakufanya uandike kwa kipimo: saa ya kuanza na kumaliza, dalili, aina ya tiba, hatua inayofuata. Simulizi lenyewe libaki kwenye maelezo ya mtaalamu, kabati lifungwe, na karani wa madai asiwe na ufunguo wake. Kwa maoni yangu huu ndio ukaguzi wa kwanza ambao kliniki ya Nzuguni ingejifanyia, kabla ya ule wa bima.

Leseni nayo ina mipaka ya mahali. Marekani kila jimbo lina bodi yake, kiasi kwamba mwanasaikolojia wa Texas hawezi kwa leseni hiyo peke yake kumtibu mgonjwa aliyeko California. Wengi hudhani kwetu hakuna kitu kama hicho. Kipo. Afya si jambo la Muungano. Leseni ya kufanyia kazi Nzuguni inakufikisha Mwanza na Mtwara, lakini anayetaka kufungua Unguja anaanza upya kwa mabaraza ya Zanzibar. Wanaotaka kutibu kwa simu walikumbuke hilo. Kenya nayo ilitunga mwaka 2014 sheria mahususi ya washauri nasaha na wanasaikolojia, jambo ambalo wenzetu wa Dodoma wanalitazama kwa husuda.

Turudi kwenye maneno. Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 italeta wanachama wengi ambao hawajawahi kusaini fomu ya madai. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), mabaraza ya taaluma na Mfuko wakae meza moja wachapishe faharasa fupi, usajili, leseni, madai, makato, ufuasi na uzingatiaji, kila neno na maana moja, na ibandikwe kwenye kila dirisha la bima.