Usikate Bahasha za Babu Yako

Nianze kwa kuungama. Nilienda kwa wakusanyaji wa stempu ili niwacheke.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Nairobi, ukumbi mdogo, meza mbili ndefu, chai ya maziwa kwenye chupa. Mpango wangu ulikuwa video ya dakika tatu tu: wazee wa miwani mizito wanabishana juu ya vikaratasi, naweka muziki wa kuchekesha, watu wanacheka, imeisha hiyo. Kabla sijawasha kamera, mzee mmoja aliyefanya kazi posta miaka mingi akanitazama.

"Kijana, uliwahi kukusanya ukiwa mdogo?"

Nikasema ndiyo, kidogo.

"Basi wiki ijayo ulete."

Hakuniuliza kama nitarudi. Alisema tu, kisha akaendelea na chai yake. Ile video sikuirekodi, na mpaka leo sijairekodi.

Ni kweli nilikusanya. Nilikuwa na miaka tisa, likizo ya Desemba, kwa Shosho huko Njoro. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa bahasha kuukuu, zote zina jina lake kwa mwandiko wa Babu. Ndani hazikuwa na barua. Bahasha tupu. Nikachukua makasi, nikakata kona zenye stempu, nikaziloweka kwa maji ya uvuguvugu hadi gundi ikaachia, nikazianika juu ya gazeti. Bahasha zenyewe nikatupa jikoni, zikawashia moto. Shosho alipogundua hakunichapa. Alikaa kimya tu hadi jioni, na ningependelea anichape.

Baadaye stempu za dunia nzima ziliingia kwenye ile albamu. Mjomba aliyefanya kazi hotelini Mombasa alikuwa akiniletea za wageni. Hapo ndipo nilijifunza kwamba Magyar ni Hungaria, Suomi ni Ufini na Helvetia ni Uswizi, na kwamba Uingereza ndiyo nchi isiyoandika jina lake kwenye stempu zake, eti sura ya mfalme au malkia inatosha. Nilikuwa na stempu ya Ujerumani ya 1923 iliyoandikwa mamilioni ya maki, nikajua mimi ni tajiri. Kumbe mwaka huo pesa yao ilianguka hadi wakatoa stempu ya maki bilioni 50, na hiyo ilikuwa ya kutuma barua, si ya kununua shamba. Nilipoingia sekondari nikaona ni mambo ya watoto. Albamu ikaenda juu ya kabati, ikakaa huko miaka kumi na tatu.

Jumamosi iliyofuata niliibeba. Mzee akafungua polepole, anatumia kibanio, hagusi kwa vidole. Wengine wakasogea. Wako kama kumi na wawili, wengi wamestaafu, mmoja ni fundi wa simu wa umri wangu, mmoja ni mwalimu anayekusanya ndege pekee. Mzee akafika kwenye stempu za Babu. Akasimama.

"Bahasha ziko wapi?"

"Zilichomwa."

Meza nzima ikanyamaza, nikahisi kama nimekiri kuua ng'ombe wa mtu.

Halafu akanieleza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike haya. Alisema: "Stempu ni serikali inajisifu. Muhuri ni karani amechoka, anagonga. Ukitaka kujua serikali ilitaka uamini nini, angalia stempu. Ukitaka kujua nini kilitokea, angalia muhuri."

Nikaenda nyumbani nikaanza kusoma, nikagundua hii historia nilikuwa nimeishika mkononi tangu utotoni bila kuiona.

Stempu ya kwanza ya posta duniani ilitoka Uingereza, Mei 1840. Kabla ya hapo, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipa, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Rowland Hill akapendekeza bei moja, ilipwe na anayetuma. Ndipo ikaja Penny Black, nyeusi, ya peni moja, ina sura ya Malkia Victoria. Tatizo likatokea palepale: muhuri wa kwanza ulikuwa wa wino mwekundu, na watu walikuwa wanaufuta kisha wanatumia stempu tena. Ujanja haukuanzia kwetu. 1841 wakageuza: stempu ikawa nyekundu, wino wa muhuri ukawa mweusi. Kwa hiyo muhuri haukuwekwa ili ututunzie historia. Uliwekwa kuzuia wizi. Historia imebaki humo kwa bahati.

Na kabla hujauliza, kwa sababu kila mtu anauliza: hapana, Penny Black haitakununulia nyumba. Zilichapishwa zaidi ya milioni 68. Iko stempu moja ya British Guiana ya 1856, nakala moja tu inayojulikana duniani, iliyouzwa kwa zaidi ya dola milioni 9 mwaka 2014. Ya Shosho wako si hiyo. Tuendelee.

Huku kwetu stempu zilifika na mwenye mali. 1890, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilichukua stempu za Uingereza zenye kichwa cha Victoria, ikachapa jina la kampuni juu yake, na bei kwa ana, pesa ya Kihindi. Hebu tulia hapo. Posta ya nchi hii ilianza ikiwa na jina la kampuni. Vitabu vinasema "himaya", vinasema "ustaarabu", lakini kile kikaratasi kinakwambia wazi: hii ilikuwa biashara. Miaka mitano baadaye kampuni ilishindwa, serikali ya Uingereza ikachukua, na stempu zikagongwa jina jipya.

Mwaka huohuo wa 1895, kule Mengo, Uganda, mmishonari aitwaye Ernest Millar alichapa stempu kwa taipureta. Bei haikuwa kwa peni wala rupia. Ilikuwa kwa kauri, wale konokono wa baharini waliokuwa pesa ya sokoni. Dola kubwa kabisa duniani, na karani wake analazimika kuhesabu kwa pesa ya mama mboga.

Zanzibar ndiyo inanishika zaidi. Uhuru wao ulikuwa 10 Desemba 1963, na stempu za kuusherehekea zikaandikwa UHURU 1963. Mwezi mmoja tu na siku mbili, 12 Januari 1964, mapinduzi. Sultani akakimbia. Stempu zake zilikuwa bado zimejaa maghalani, na posta haiwezi kufungwa eti tunasubiri mashine ya uchapishaji. Wakachukua muhuri wa mkono, wakagonga juu yake: JAMHURI 1964. Neno jamhuri, na chini yake sura ya sultani inakuangalia. Serikali mbili kwenye karatasi moja isiyozidi kidole gumba.

Sasa turudi kwa Babu, maana hapo ndipo hadithi yake inapoingia.

Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganisha posta zao 1933, na 1935 zikaanza kutumia stempu za pamoja, majina yote matatu mahali pamoja. Zilikuwa na korongo wa Uganda, mlima Kilimanjaro, jahazi kwenye Ziwa Victoria, reli ikivuka Nile pale Jinja. Na angalia ustaarabu huu mdogo: majina hayakupangwa namna moja. Stempu hii inaanza na Kenya, ile inaanza na Uganda, nyingine Tanganyika, ili asiwepo wa kwanza daima. Ulikuwa ukoloni, sikatai, na mfalme wao alikuwa pale pembeni. Lakini baada ya uhuru sisi wenyewe tuliendelea na stempu za pamoja, jina la tatu likawa Tanzania. Mkataba wa 1967 ukagawa mashirika: reli makao makuu Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, Jumuiya yenyewe Arusha. Stempu ya pamoja ulinunua Kisumu, ungeweza kuibandika Mwanza au Mbale, na barua inaenda.

Babu alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa na Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na kuna miaka miwili katikati ya sabini ambayo hakuja nyumbani hata mara moja. Alimwandikia Shosho kwamba ametumwa Tabora. Lakini kwa mashemeji maneno yalikuwa mengine: yuko Kampala, ana mke huko, ana nyumba. Shosho alichoma barua zote kwa hasira. Bahasha hakuzichoma. Aliwahi kuniambia sababu: "Zilikuwa na jina langu."

Babu aliporudi hawakulizungumza tena. 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika la ndege likafa, Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983, kila nchi ikabaki na stempu zake na reli yake. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Lile swali likabaki mezani kila Krismasi, mtu akishaonja kidogo: Tabora au Kampala?

Umeshaelewa nilichokifanya na makasi.

Stempu ya pamoja haikwambii ilitoka wapi. Ina nchi zote tatu! Kinachosema mahali ni muhuri peke yake, na nusu ya muhuri hukaa kwenye bahasha. Mimi niliikata, nikaitia motoni.

Mzee hakukata tamaa. Alichukua lenzi akapitia stempu za Babu moja moja. Nyingi zilikuwa na kamstari tu ka wino. Kwenye ukurasa wa Kenya akakuta moja yenye herufi TAB ukingoni. Akanyamaza, akafungua kurasa mbele hadi Tanzania. Unaona, nikiwa na miaka tisa nilikuwa nimezipanga kwa jina lililotangulia: inayoanza na Kenya nimeweka Kenya, inayoanza na Tanzania nimeweka Tanzania. Huko akaikuta nyingine yenye ORA, na chini yake namba 75. Akaziweka ubavu kwa ubavu kwa kibanio. Duara likafunga. Zilikuwa kwenye bahasha moja, zikagongwa muhuri mmoja, na mimi nikazitenganisha kwa miaka yote hiyo.

Fundi wa simu akapiga makofi. Mimi sikuweza kuongea.

Mzee, kwa sababu ni mtu wa haki, akanionya: "Huu unasema barua ilipita posta ya Tabora 1975. Hausemi mtu alilala wapi." Na ami yangu nilipompigia alisema hivyohivyo, kwa sauti kubwa zaidi. Barua moja ni barua moja. Zile bahasha nyingine zingetupa miezi yote ya miaka miwili, mwezi kwa mwezi. Hazipo. Sitazipata, na siwezi kumlaumu mtu.

Nilienda Njoro na zile stempu mbili kwenye plastiki. Shosho sasa macho ni hafifu, kwa hivyo nilimsomea herufi. T, A, B. O, R, A. Mwaka 1975.

Akasema, "Mimi aliniambia Tabora."

Nikamwuliza, kwa hiyo uliamini?

"Nilichoma barua. Ningeamini ningechoma?" Akashika ile plastiki muda mrefu, kisha akauliza kama naweza kumwachia. Nikamwachia. Iko kwenye mkebe wa biskuti sasa, peke yake.

Tangu hapo kila Jumamosi niko kwenye ile meza. Nimerudia dunia nzima, za Hungaria na zote, lakini siku hizi nikipewa bahasha nzima sishiki makasi. Na nikisikia viongozi wakituahidi Afrika Mashariki moja, nawaza kwamba tuliwahi kuilamba kwa ulimi na kuibandika kwenye barua, ikafika. Kisha tukaiacha ivunjike, na ushahidi wa watu walioiishi, wale waliotumwa Tabora na Tororo na Tanga, uko kwenye mikebe chini ya vitanda vya nyanya zetu. Nyaraka za mawaziri zitatunzwa na serikali. Za mtu wa reli zinatunzwa na mjukuu, au hazitunzwi kabisa.

Kwa hivyo likizo hii ukienda ushago, uliza kama kuna mkebe. Ukiukuta, usikate, usiloweke, usibandue. Piga picha mbele na nyuma, soma muhuri, kisha kaa chini umwulize mwenye jina lililoandikwa pale. Fanya hivyo macho yake yakiwa bado yanaona.